"Bloomer" si Kosa Tu

Yako maradhi yaliyoingia katika ufundishaji wa Kiswahili huku kwetu Uganda na katika nchi jirani, nayo yamekaa siku nyingi hata baadhi ya wenzetu wameyazoea na kuyadhania kuwa ndiyo siha yenyewe. Maradhi hayo ni orodha ya safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, na katikati alama ya usawa kana kwamba tunafundisha hesabu. Mwanafunzi huikariri orodha, huitapika siku ya mtihani, mwalimu hutia alama za vyema, na wote wawili hurejea makwao wakiamini kwamba lugha imefundishwa. Mimi nasema haikufundishwa. Kilichofanyika ni kubandika karatasi juu ya chupa, na karatasi haimwambii mtu kama kilichomo ndani ni asali au siki.

Ili nisituhumiwe kwamba napiga kelele hewani, nitashika neno moja tu la Kiingereza, tena dogo, tena la mazungumzo, lisiloalikwa katika hotuba za wakubwa. Neno hilo ni "bloomer". Nimeliona likilinganishwa na "kosa", basi, na mstari unaofuata umekwenda kwenye neno jingine. Ndugu zangu walimu, hapo pana madhambi mawili. La kwanza ni kumnyima mwanafunzi habari kwamba neno hilo lina maana nyingi, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na kukosea hata kidogo. La pili, ambalo ndilo kubwa na ndilo lililonishikisha kalamu, ni kwamba hata katika maana ile inayohusu kukosea, "bloomer" si "kosa" kwa namna Waswahili wanavyolitumia neno "kosa".

Tuanze na la kwanza. Mpe mwanafunzi wako aliyeikariri orodha sentensi hii aitafsiri: mama alikwenda dukani akanunua "bloomer" moja, akarudi nyumbani, akaikata vipande, akaipaka siagi. Mwanafunzi hodari, mwenye kumbukumbu isiyovuja, atakuandikia kwamba mama alinunua kosa akalipaka siagi. Nawe utacheka, na darasa zima litacheka, lakini aliyepaswa kuchekwa hayumo miongoni mwa walioketi kwenye madawati.

Maana nyepesi kuliko zote ni ile ya bustani. Waingereza husema "bloom" kwa ua na kwa kuchanua, na mmea wenye kuchanua ni "bloomer". Kutoka bustanini neno likahamia kwa watu. Mtoto aliyechelewa kung'aa masomoni, au mzee aliyeanza kutunga vitabu baada ya kustaafu, huitwa "late bloomer", yaani aliyechanua kwa kuchelewa. Huyo kwa Kiswahili tunaye, tena tunaye kwa heshima zote, maana wahenga walikwisha kumwambia: kawia ufike. Mwenye orodha yake atamwita kosa lililochelewa.

Maana ya vazi ina kisa kirefu zaidi, nami naomba nikae hapo kidogo kwa sababu ni kisa chenye mafunzo kwa mwalimu yeyote wa lugha. Katika mji wa Seneca Falls, jimbo la New York huko Marekani, aliishi mwanamke aitwaye Amelia Jenks Bloomer, aliyezaliwa mwaka 1818 na kufariki mwaka 1894. Mwaka 1849 alianzisha gazeti la wanawake lililoitwa The Lily, ambalo kwanza lilipigana na ulevi na baadaye likatetea haki za wanawake. Wakati huo mwanamke wa tabaka la kiungwana alitakiwa avae marinda mazito yanayofagia barabara, na kiuno kibanwe hata pumzi ikawa ya kuombwa. Mwaka 1851 mwanamke mwingine, Elizabeth Smith Miller, aliingia Seneca Falls amevaa sketi fupi iliyofika chini kidogo ya magoti, na ndani yake suruali pana iliyofungwa vifundoni. Suruali hiyo waliiita ya Kituruki. Elizabeth Cady Stanton akaifuata, na Bi. Bloomer naye akaivaa, akaitetea katika gazeti lake. Magazeti ya wanaume yakashika kicheko, na katika kicheko hicho vazi likapachikwa jina la yule aliyeliandika, likaachwa jina la yule aliyelivaa kwanza. Baadaye jina hilo likashuka daraja: likawa la suruali za wanawake waliopanda baiskeli katika miaka ya 1890, na hatimaye likawa la nguo pana za ndani ambazo bibi wa Kiingereza hangependa zianikwe mbele ya wageni.

Hapa naomba msomaji anivumilie nitoke nje ya njia hatua mbili tatu. Mwaka ule Wamarekani walipokuwa wakipigiana kelele juu ya mwanamke kuvaa suruali, mabibi wa jumba la Sultani kule Unguja walikuwa wanavaa suruali chini ya kanzu zao, na hapana aliyepiga mbiu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye dunia inamjua pia kwa jina la Emily Ruete, aliyaeleza mavazi hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Waswahili waliiita suruali hiyo marinda, kwa ajili ya mikunjo yake miguuni. Basi mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake hilo vazi la Bi. Bloomer anacho kielelezo nyumbani, wala hana haja ya kulitamka jina la Kiingereza kwa puani. Na kama anataka kielelezo cha vazi kupewa jina la mtu, awaonyeshe kaunda suti, iliyobeba jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Ndivyo maneno yanavyozaliwa: kwa watu, kwa vituko, kwa dhihaka, kwa bahati. Orodha ya safu mbili haina mahali pa kuandika hayo.

Mkate nilikwisha kuutaja. Ni mkate wa Kiingereza wenye ganda gumu, umbo refu la mviringo, na mikato ya mshazari juu yake. Asili ya jina haijulikani kwa yakini, nami sitaongeza uzushi juu ya uzushi.

Sasa tufike kwenye maana inayohusu kukosea. Maelezo yanayopatikana katika kamusi za lugha ya mitaani za mwishoni mwa karne ya 19 ni kwamba neno hilo lilitoka Australia, katika lugha ya wafungwa, na kwamba ni ufupisho wa maneno "blooming error". Hilo "blooming" lilikuwa ni stara. Mwingereza aliyetaka kuapiza, naye yuko mbele ya mama mkwe, aliliacha tusi lenyewe akatia badala yake neno linalohusu maua. Sisi tunaliita jambo hilo tasfida, na tunalifundisha kila mwaka kwa mifano ya kwenda haja na kujifungua. Kwa hiyo neno hili, tangu kuzaliwa kwake, lina mambo matatu ndani: kuna kukosea, kuna kukereka, na kuna adabu inayoficha kukereka kwa ua. Mwenzangu, niambie ni lipi kati ya hayo matatu lililobaki katika "kosa".

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na wenye orodha. Wao hudhani kwamba maana ya neno ni kile kitu kinachotajwa. Mimi nasema uzito wa neno nao ni sehemu ya maana, na asiyefundisha uzito hajafundisha maana. "Bloomer" ni kosa la hadharani, la kuaibisha, lisilo na nia mbaya, linalowachekesha walioshuhudia na, baada ya siku mbili, linamchekesha hata aliyelifanya. Halimpeleki mtu mahakamani. Lakini Kiswahili "kosa" ni neno lenye nyumba nyingi. Lipo kosa la tahajia na lipo kosa la jinai. Mshtakiwa husomewa makosa yake. Mwanafunzi huandikiwa makosa yake. Mume na mke wanaposuluhishwa, wazee huuliza kosa ni la nani, na ndipo husemwa kwamba kosa moja haliachi mke. Neno limebeba mizigo mikubwa na midogo kwa pamoja, na ni mazingira yanayomwambia msikilizaji ni mzigo gani ulioteremshwa leo.

Chukua mfano wa mwandishi wa gazeti anayetafsiri habari za ng'ambo. Waziri fulani amesimama kumshukuru mwenyeji wake, akaitaja nchi nyingine badala ya ile aliyoalikwa. Magazeti ya kwao yanaandika "bloomer" na kucheka. Mwandishi wetu, aliyelelewa na orodha, anaandika kwamba waziri amefanya kosa kubwa. Msomaji wa Mbale au wa Bujumbura anauliza: atajiuzulu lini? Habari imepotoka, ingawa hapana neno hata moja ambalo orodha haikuliidhinisha. Mswahili aliyeketi barazani angesema tu kwamba waziri ameteleza ulimi, na kila mtu angejua kipimo cha jambo.

Nataka sasa tuifungue ghala yetu wenyewe, kwa kuwa wenzetu hawa huzungumza kana kwamba Kiskini hiki kiitwacho Kiswahili kina neno moja tu la kukosea na yapasa kulipanga kwa zamu. Litazame kwanza hilo hilo neno kosa. Kitenzi chake hakikuanza na hatia. Kukosa ni kutopata: mwindaji hukosa shabaha, msafiri hukosa basi, maskini hukosa chakula, na kutoka hapo tunapata ukosefu, ambao si dhambi ya mtu. Ongeza kauli ya kutendea na mambo hubadilika. "Nimekukosa" maana yake nilikuja sikukukuta. "Nimekukosea" maana yake nimekutenda ubaya, nisamehe. "Amekosa njia" hana pa kupita. "Amekosea njia" anapita, ila pasipo pake. Herufi moja hutenganisha bahati mbaya na lawama. Mwalimu anayekimbia kutoka hapo kwenda kwenye mstari unaofuata wa orodha amepita juu ya dhahabu akitafuta bati.

Kisha njoo kwa ndugu zake. Hitilafu kwa asili ni tofauti, na leo ndiyo inayoharibu mitambo na kukata umeme. Mtu hasemi kwamba jenereta imefanya kosa. Kasoro ni upungufu, ndiyo maana inakaa hata katika saa: saa nne kasoro robo haimlaumu mtu yeyote. Dosari ni doa katika kitu ambacho kingekuwa kizuri. Ila ni kitu tusichoepukana nacho, na wahenga wamesema hakuna kizuri kisicho na ila. Ghalati imeketi katika vitabu na kwa masheikh. Na walakini, neno ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni kiunganishi kilichoacha kazi yake ya kuunganisha kikawa aibu ya mtu. Tukisema bwana huyu ana walakini, tumesema kwamba sifa zake zote zinakwenda vizuri mpaka panapofika mahali ambapo msemaji hana budi kusita na kusema "lakini". Lugha inayoweza kufanya hivyo haina sababu ya kuomba radhi kwa lugha yoyote.

Hayo ni maneno ya barazani na vitabuni. Lakini "bloomer" si neno la kitabuni, na ukitaka mwenzake katika Kiswahili sharti ushuke mtaani umtafute. Na akina mwenzake wapo. Mtu aliyekosea katika kusema, akatamka neno badala ya neno au akavuruga Kiingereza mbele ya kadamnasi, Watanzania husema amechapia. Aliyeshindwa jambo lililokuwa mikononi mwake, amechemsha. Aliyeifanya kazi hovyo ameboronga, au amevurunda. Fundi aliyefanya haraka ili alipwe aondoke, amelipua. Mlinda mlango aliyeuachia mpira upite katikati ya miguu yake ametoa boko. Mchezaji aliyeutia mpira katika lango la timu yake amejifunga, na siku hizi hata mwanasiasa hujifunga bila ya kuwapo mpira wala lango.

Angalia jinsi maneno hayo yanavyofanana na lile la Kiingereza kwa tabia, ingawa hayafanani kwa sura. Nayo yana maana nyingi. Nayo yametoka katika mambo ya kila siku. Mama huchemsha maziwa, mkutubi huchemsha bongo, na timu huchemsha fainali. Baruti hulipuka, ugomvi hulipuka, na fundi hulipua kazi. Sasa mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili kwa orodha ya safu mbili iliyogeuzwa, ambaye kwake chemsha ni kutokotesha maji na hakuna zaidi. Atakaposoma kwamba timu yetu imechemsha atadhani wachezaji walipika chai. Maradhi ni yale yale; yanaua kwa kwenda na kwa kurudi.

Najua watakalonijibu. Watasema: huyu anataka kutuletea lugha ya vijiweni madarasani, na sisi tuna jukumu la kulinda Kiswahili sanifu. Hoja hii ina kilemba kikubwa, walakini chini ya kilemba hamna kichwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji ilishughulika na tahajia, msamiati, vitabu na kamusi. Haikupiga marufuku kucheka. Usanifu ni mpaka wa mahali neno linapotumika, si kaburi la kulizikia. Mimi simwambii mwanafunzi amwandikie mkuu wa shule barua kwamba mhasibu amechemsha. Namwambia ajue kwa nini hapaswi kuandika hivyo, na hawezi kujua hivyo kama hajaambiwa kwamba neno lipo, linatumiwa na nani, na linauma kiasi gani. Anayemficha mwanafunzi maneno ya mtaani hamkingi na mtaa. Mtaa utamfundisha mwenyewe, na hautamfundisha mipaka.

Wapo wengine, nao nawaheshimu zaidi, wasemao kwamba shida ni haraka. Wanasema kweli. Katika Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Wanafunzi ni wengi, walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, na orodha huandikwa kwa usiku mmoja. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kizazi hiki ndicho kitakachoandika vitabu vya kizazi kijacho, na wengi wao hawana bibi wa Kiswahili nyumbani atakayewasahihisha. Mtoto wa Tanga au wa Lamu akipewa orodha mbovu, jirani zake wataiponya kabla ya jua kuchwa. Mtoto wa Gulu hana tiba hiyo. Anachopewa darasani ndicho Kiswahili chake chote. Kwa hiyo visingizio vinavyovumilika pwani havivumiliki huku kwetu.

Wala sijaomba jambo la gharama. Badala ya neno mkabala wa neno, iandikwe sentensi mkabala wa sentensi. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Mstari wa "bloomer" ungekuwa na sentensi nne fupi: ya mmea, ya vazi, ya mkate na ya aliyechapia mbele ya watu. Chini yake mwalimu aongeze swali moja: je, sentensi ya mwisho ungeiandika katika barua ya kuomba kazi? Darasa likijadili swali hilo kwa dakika kumi, litakuwa limejifunza juu ya lugha kuliko kwa orodha ya maneno mia mbili.

Nina kisa kimoja cha kuthibitisha kwamba sipigani na kivuli. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika mtihani wa insha mazungumzo ya vijana wawili waliotoka kwenye mdahalo. Kijana mmoja akamwambia mwenziwe, "Leo umechapia, ndugu yangu." Msahihishaji alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "umefanya kosa", akaondoa alama. Sitamtaja msahihishaji wala baraza lililomwajiri. Nauliza tu: ni kijana gani, chini ya mbingu hii, anayemwambia rafiki yake njiani kwamba amefanya kosa? Polisi husema hivyo. Msahihishaji aliliondoa neno lililokuwa hai, akaweka maiti, kisha akamtoza mwenye mali gharama za mazishi.

Na jambo hilo linagusa jingine ambalo walimu tunapaswa kulitazama bila haya, nalo ni kalamu yetu nyekundu. Mwanaisimu wa Kiingereza S. P. Corder aliandika mwaka 1967 makala iliyokuja kusomwa sana na walimu wa lugha, akitenganisha makosa yanayoonyesha kwamba mwanafunzi bado hajaijua kanuni, na miteleko ya mtu anayeijua kanuni ila amechoka, amesahau au ulimi umemponyoka. Ya kwanza yana faida kwa mwalimu, kwa sababu yanamwonyesha mwanafunzi amefika wapi. Ya pili hupita. Sisi tunayaandikia yote "kosa", kwa rangi moja, kwa ukubwa mmoja. Tungekuwa tunaitumia ghala yetu wenyewe, tungeandika pembeni "umeteleza" kwa huyu, na "hapa bado hujaelewa" kwa yule, na mtoto angejua la kufanya usiku huo.

Wenzetu wa Burundi na wa Kongo wanaopitia mlango wa Kifaransa wasicheke mapema. Na wao wana la kwao. Kifaransa "gaffe" ni mti mrefu wenye kulabu ambao mabaharia huvutia mashua. Katika mazungumzo ni lile lile jambo la kuaibisha tulilokuwa tukilizungumza, hata Waingereza wakaliazima. Sasa tazama: "faire une gaffe" ni kuboronga, lakini "faire gaffe" ni kujihadhari. Ondoa neno moja dogo katikati na mwenye kuharibu amegeuka kuwa mwenye kuchunga. Orodha ya safu mbili itaandika nini hapo? Itaandika kosa, na mtu aliyeonywa ajihadhari ataenda kukosea kwa utiifu.

Basi wanaoandaa orodha za maneno kwa ajili ya shule zetu, kabla hawajazipeleka tena kwa mchapaji, nawaomba wachukue sentensi ile ya mama na siagi waitafsiri kwa orodha yao wenyewe, kisha wanisomee kwa sauti mbele ya wanachama. Kuhusu ule mkate, sina ugomvi na mtu. Mimi ningeuita mkate wa mikato, mpaka atokee mwoka mikate mwenye jina lililo bora.